Uvimbe Huu Kwao Ni Wapi

Jumanne, Machi 4

Mvua imeanza leo saa nane mchana, na daftari hili limeanza saa nane na robo. Karakana yetu imeezekwa bati. Mvua ikipiga huwezi kuongea na mtu hata ukimshika sikio, na mimi nikikaa nusu saa bila kuongea naanza kuwashwa mwili mzima. Basi naandika.

Bosi wangu ana daftari la mashine. Anaandika cherehani ya nani, imeletwa lini, inaumwa nini. Kila mtu anamwita Bisibisi kwa sababu ya bisibisi anayoiweka nyuma ya sikio, na nadhani hata analala nayo. Nimeiga mtindo wake. Mashine: mimi. Inaumwa: mdomo, haufungi.

Nina miaka ishirini na tatu na sijasomea ufundi popote. Nilianza na cherehani ya Shangazi nikiwa na miaka kumi na minne. Niliifungua yote, nikairudisha, zikabaki skrubu tatu nisizojua zilitoka wapi, na ikashona vizuri kuliko mwanzo. Shangazi, ambaye amenilea tangu baba afariki, mpaka leo anasema ile ilikuwa bahati. Zilizobaki nimejifunza kwa kufungua na kuharibu, na kwa video za kwenye simu za watu wanaoongea lugha nisiyoijua. Nawaangalia mikono tu.

Alhamisi, Machi 6

Choo cheusi, kama lami. Nimecheka peke yangu mle chooni. Itakuwa mafuta ya cherehani, nalamba vidole bila kujijua.

Ijumaa, Machi 7

Tena. Sijacheka sana.

Jumanne, Machi 11

Nimeinama kuokota bobini nikaona nyota mchana kweupe. Bisibisi akanivutia kiti, akaniambia, "Injinia, kaa mwenyewe kabla hujakalishwa." Ananiita Injinia kwa kunikejeli. Yeye ni mtu wa maneno kumi kwa siku, na matano kati ya hayo anaziambia mashine.

Ukweli ni kwamba suruali hazifungi. Nimekonda uso na mikono, ila tumbo linatoka. Na sijaingia mwezini tangu Desemba. Najua ninavyoonekana nikipita uani. Mwanaume aliyekuwepo aliondoka mwaka jana mwezi wa pili, kwa hiyo labda nimebeba mimba ya tembo. Hilo ningependa kumwambia mtu acheke, ila sioni wa kumwambia.

Jumatano, Machi 12

Zahanati. Shangazi kanisindikiza, yaani kama askari anavyosindikiza.

Nesi ameuliza tumbo linauma wapi. Sasa hapo ndipo nilipotaka kueleza vizuri, maana tumbo ni neno pana mno. Chakula kinakwenda tumboni, mtoto anakaa tumboni, ndugu wametoka tumbo moja, anayeharisha ni tumbo, na anayekula rushwa eti ni mtu wa tumbo. Langu linauma kama linahama. Leo kitovuni, kesho ubavuni, kesho kutwa kimya. Nikawa napanga maneno. Shangazi akajibu yeye, akiangalia ukutani, kwamba ni tumbo la chini. Nesi akaandika: la chini.

Kipimo cha mimba: hakuna. Shangazi akaomba kirudiwe. Hakuna. Akaangalia kile kijiti kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Damu yangu iko chini, saba. Nimepewa vidonge vya kuongeza damu, vikubwa kama vifungo vya koti. Nesi ameniambia vitafanya choo kiwe cheusi, nisiogope. Nikasema kumbe, afadhali, kina sababu.

Jumamosi, Machi 15

Cheusi. Vidonge.

Jumapili, Machi 23

Shangazi haongei na mimi. Anaongea na redio. Tunakula chumba kimoja, ananisogezea sahani bila neno, halafu mtangazaji akisema kesho mvua anamjibu, "Tumeona." Mimi nimekaa pale pale naionea wivu redio.

Jirani wa chumba cha mbele amenipa hongera. Nilipomwambia sina mimba akacheka akasema wote huwa tunasema hivyo. Tangu juzi wanawake wa uani wakianika nguo barazani wananyamaza nikitokea. Zamani nikipita pale nilikuwa nachelewa kazini kwa maneno. Sasa nafika kabla hata Bisibisi hajafungua, nasimama chini ya kibati na maji yananirukia miguuni.

Alhamisi, Machi 27

Mvua. Cherehani mbili, moja mkanda, moja meno ya kusukuma kitambaa.

Jumatano, Aprili 2

Tumbo limekuwa gumu upande wa kushoto. Nikilala chali nalishika, lina ukingo. Nimerudi zahanati peke yangu, wakanipa barua ya hospitali kubwa, nako nikapigwa ile picha ya kupakwa mafuta baridi.

Mpiga picha alikuwa mchangamfu mwanzoni, ananiuliza kazi yangu, anasema mkewe ana cherehani inakata uzi. Nikamwambia aangalie sindano kama hajaiweka kinyume. Akacheka. Kisha akaweka kile kidude tumboni na maneno yakamwishia. Akawa anapima, anabonyeza, anapima. Nikamuuliza anaona nini. Akasema daktari atanieleza. Nikamwambia mimi ni fundi, mteja akiniuliza namwonyesha. Akanipa karatasi nijifute.

Ripoti ni ya Kiingereza, nimeisoma ngazini nikitafsiri kwa simu, neno baada ya neno. Uvimbe wa sentimita kumi na sita, umejaa kwenye nyonga. Ovari zote mbili hazionekani. Maji kidogo tumboni. Inaelekea chanzo ni ovari.

Inaelekea. Nimelisoma hilo neno mara nyingi kuliko mengine yote.

Jumatatu, Aprili 7

Naandikia kwenye benchi la nje ya kliniki ya wanawake, kwa sababu mvua imekaza na pia sijui niende wapi.

Daktari ni mwanamke mtu mzima, ana sauti ya chini, viatu vyake vimelowa. Alinitafutia kiti. Aliuliza nimekuja na nani, nikasema nimekuja na mwavuli. Hakucheka, na mimi nikajuta. Amesema anadhani ni saratani ya ovari. Hana uhakika mpaka uvimbe utoke na upimwe maabara, ila ukubwa wake, yale maji na kipimo cha damu kilichopanda kidogo, vyote vinaelekea huko. Amesema upasuaji uwe mwezi huu huu. Watatoa uvimbe, ovari zote mbili na mfuko wa uzazi.

Nikamuuliza kama wanaweza kubakiza moja. Akasema kwa picha alizo nazo hazioni hata hizo ovari, zimemezwa. Akasema usalama wangu kwanza. Alisema vizuri, bila ukali, na alinigusa mkono. Kisha akanipa fomu niende nayo nyumbani, nisome, nirudi nayo nimesaini.

Mimi sijawahi hata kuamua kama nataka watoto. Nilikuwa nimeliweka pembeni, kama mashine ambayo mwenyewe hajaja kuichukua, ipo tu kwenye rafu na hukai ukaifikiria. Sasa wanataka kuiondoa na rafu yake, na ghafla najua iko wapi, ina rangi gani, imekaa vipi.

Benchi hili limejaa wanawake waliokuja na dada zao, mama zao, shoga zao. Kila mmoja ana mtu wa kumshikia mkoba. Wangu nimeufunga mguuni.

Jumanne, Aprili 8

Nimesoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Nimechaji. Nimesoma tena. Najua sasa vitu vingi ambavyo sitaki kuvijua.

Jumatano, Aprili 9

Leo nitaandika yote.

Nimetoka kazini mapema, nikamkuta Shangazi amekaa na redio yake. Nikaizima. Sijawahi kufanya hivyo maishani. Nikaiweka fomu mezani mbele yake, nikakaa.

Alitafuta miwani, akaivaa. Alisoma taratibu, kidole kinapita chini ya mstari. Alipofika pale palipoandikwa vitakavyotolewa, kidole kikasimama. Nilisubiri aseme pole. Nilikuwa nimeshaandaa na jibu kali la hiyo pole.

Akasema, "Mimi pia walinifungua."

Nikadhani sijasikia, mvua ilikuwa inapiga. Akaendelea huku anaiangalia fomu. Alikuwa na miaka ishirini na minne, ameolewa mwaka mmoja. Tumbo lilimuuma, akapelekwa, akapewa karatasi, akaonyeshwa pa kusaini. Akasaini. Kilichofanyika walimweleza mumewe, ukumbini. Mumewe hakusema. Miaka miwili alikuwa anasubiri mimba, anakunywa kila anachoambiwa, mpaka siku moja akaenda kliniki kuuliza kwa nini mwezi wake umekoma. Nesi akafungua faili, akashangaa, akamwambia mama, wewe si walitoa vyote.

"Sikuuliza," alisema. "Siku ile ya kusaini. Daktari alikuwa na haraka, nikaona nitamchelewesha."

Kumbe ndiyo sababu mume aliondoka. Mimi nilikuwa najua tu kwamba aliondoka. Siku zote nilidhani Shangazi hana mtoto kwa sababu ana mdomo, hakuna mwanaume anayeuweza. Nimeshawahi hata kuwachekesha watu kwa hilo. Nilikaa pale nikihesabu mara ngapi.

Nikamuuliza basi kwa nini alinichunia mwezi mzima. Kama alijua uchungu wenyewe, kwa nini. Akavua miwani, akaifuta na kanga, ikawa inazidi kuchafuka.

"Nilipoona tumbo lako nilijua ni mimba, vipimo viseme vinavyotaka. Watu walidhani naona aibu. Nilikuwa naona wivu, mwanangu. Kwako. Kwa mtoto niliyemlea."

Hatukukumbatiana wala nini. Hatuna huo mtindo. Aliwasha redio, akapunguza sauti mpaka ikawa kama mbu, na tukakaa hivyo. Fomu ilibaki mezani, haijasainiwa.

Jumapili, Aprili 13

Mvua siku ya tano mfululizo. Kutapika kidogo. Tumbo linagonga mkono nikilibonyeza, kama kuna mtu ndani anasukuma mlango. Shangazi anapika uji, anauacha mlangoni kwangu, anagonga, anaondoka. Tumepiga hatua, ila bado kila mtu yuko upande wake wa ukuta.

Jumatatu, Aprili 14

Nimemwambia Bisibisi kwa sababu ilibidi aombwe ruhusa. Nilimwambia yote wakati anafungua mashine nyeusi ya mteja, bila kumwangalia, haraka haraka. Nilitegemea aseme "aa" na kuendelea.

Akaiweka bisibisi chini. Akauliza, "Ilianza lini?"

Nikamwambia tumbo liliuma kuanzia mwezi wa pili. Akasema hapana, ya kwanza kabisa. Kitu cha kwanza ambacho hakikuwa sawa. Na hapo mtu wa maneno kumi akatumia ya wiki nzima. Aliniambia mteja akisema mashine inakata uzi, fundi mjinga anabadilisha sindano, maana uzi uko kwenye sindano. Kesho inakata tena. Mteja anasema pale inapoumia, hasemi palipoharibika, hajui. Wewe mrudishe nyuma mpaka afike siku ambayo mashine ilikuwa nzima, halafu uje naye mbele polepole.

Nikamwambia mimi sikumbuki ya kwanza. Akaniangalia kama mpumbavu. Akaelekeza kidevu kwenye mkoba wangu, kwenye daftari hili, ambalo nilidhani haoni nikiliandika.

Nikalifungua. Machi 4, maneno yangu ya kujisifu. Machi 6, choo cheusi. Machi 7, tena. Nikapitiliza. Machi 12, vidonge. Machi 15, cheusi, vidonge.

Nikarudi.

Choo kilikuwa cheusi siku sita kabla ya vidonge.

Nikaangusha kopo la skrubu, zikasambaa karakana nzima. Siku sita. Kila mtu akiniuliza habari ya choo nimekuwa nikijibu kwa kujiamini kabisa kwamba ni vidonge, nesi kasema. Mimi ninayejifanya najua kila kitu. Nikachukua simu, nikatafuta, na kila nilipotafuta palisema kitu kimoja. Choo cheusi kama lami bila vidonge ni damu, na imetoka juu, imepita kwenye utumbo ikapikwa mle mpaka ikawa nyeusi. Nikauliza tena, je, ovari inaweza kutoa damu ikapita njia hiyo? Ovari haina njia hiyo.

Halafu nikapata kwingine, palipoandikwa habari ya uvimbe wa nadra unaoota kwenye ukuta wa utumbo au wa tumbo la chakula. Unakua kwa nje, unakuwa mzito, unashuka mpaka kwenye nyonga, unalala pale juu ya ovari, na kila anayepiga picha anadhani ni wa ovari. Nilisoma nimesimama katikati ya skrubu. Bisibisi alikuwa amepiga magoti anaziokota moja moja, hakuniambia hata nimsaidie.

Inawezekana si huo. Najua. Inawezekana nimejiokotea neno kwenye simu na kulivaa kama nguo. Lakini tarehe sikuziokota kwenye simu.

Alhamisi, Aprili 17

Shangazi amekuja. Sikumwomba. Nimetoka nikamkuta mlangoni amevaa viatu vya kutokea, ameshika mwavuli wangu.

Kule kliniki, daktari aliponyoosha mkono achukue fomu, nikampa daftari. Alikunja uso. Akasema wagonjwa arobaini wako nje. Nilihisi maneno yote yananikimbia, mimi wa kukimbiwa na maneno. Nikaanza kusema samahani, basi tu, nitasaini. Shangazi akasema kwa sauti niliyowahi kuisikia akiwafukuza madalali:

"Daktari, mtoto ana swali. Tutakaa hapa mpaka alimalize."

Daktari akaketi. Nikamwonyesha mstari wa Machi 6, wa Machi 7, halafu wa Machi 12. Akasoma, akarudi, akasoma tena.

"Vidonge ulianza tarehe kumi na mbili?"

"Jioni yake."

"Na hapa kabla, hukuwa unameza chochote?"

"Labda mafuta ya cherehani."

Safari hii alicheka, kidogo, puani. Kisha akafungua faili langu, akatafuta karatasi ya zahanati, akasoma kwa sauti: tumbo la chini. Akauliza maumivu yalianzia huko kweli? Nikamwangalia Shangazi. Shangazi akasema ni yeye aliyejibu, na alijibu alichokuwa anakiogopa.

Daktari akaandika hilo pembeni ya karatasi. Akasema hawezi kuniahidi. Bado anaona ovari ndiyo inayoelekea zaidi, ila hii damu inataka maelezo na yeye hana. Akapiga simu kwa mwenzake, daktari wa upasuaji wa utumbo. Nitapigwa kipimo cha kamera ya mdomoni, na picha ya ile mashine ya duara.

Nimerudi naruka madimbwi. Shangazi nyuma ananiita mwehu.

Jumatatu, Aprili 21

Kamera haijaona kitu. Tumbo la chakula safi kabisa. Picha ya duara nayo imesema uvimbe ni mkubwa mno, umegusa kila kitu, haiwezekani kujua kwao ni wapi.

Mtaalamu wa utumbo ni kijana, anaongea haraka kama mimi. Alinieleza kwamba utumbo mwembamba una mita nyingi na kamera inaingia kidogo tu pale mwanzoni, kwa hiyo kutoona si jibu. Lakini mimi tayari nilikuwa nimepoa. Nilijiona pale na daftari langu lenye alama za vidole vya mafuta, nimewasumbua watu wazima kwa ajili ya choo.

Ndipo tukaandika fomu upya. Daktari alisema wataingia wote wawili. Watafungua, watatafuta kwanza uvimbe unaning'inia wapi. Ukiwa wa ovari na unaonekana saratani, watatoa kama walivyopanga, na mimi nimekubali hilo. Ukiwa wa kwingine, ovari na mfuko wa uzazi havitaguswa bila sababu. Akaniachia nafasi niandike mwenyewe, kwa mkono wangu. Nimeandika: Kwanza mtafute unakotoka. Nikasaini. Shangazi akaomba asome kabla haijachukuliwa, akasoma na kidole chake, mpaka mwisho.

Jumatano, Aprili 23

Wodini. Sina njaa na haruhusiwi mtu kula. Dirisha linaangalia tangi la maji. Wageni wameondolewa saa kumi na mbili kamili, na Shangazi aliondoka kinyumenyume.

Alhamisi, Aprili 24

Wananiita.

Jumamosi, Aprili 26

Daftari linisamehe mwandiko.

Nimezinduka juzi jioni nina mshono kutoka juu ya kitovu kwenda chini kabisa, na mpira puani. Kitu cha kwanza nilichotaka kuuliza sikuweza, koo lilikuwa kavu kama kitambaa. Nesi akasema nipumzike, daktari ataniambia. Nilipoweza kutoa sauti alikuwepo nesi mwingine, naye akasema daktari ataniambia. Jana daktari alipita alfajiri nimelala, akasema nisiamshwe. Kwa hiyo nimelala siku nzima ndani ya mwili wangu mwenyewe bila kujua kuna nini humo. Nilijaribu kusikiliza kwa ndani. Mashine nikiigusa gurudumu tu najua kama kuna kitu kimepungua. Mimi nilijigusa kila mahali na sikujua. Kulikuwa na maumivu tu, tumbo zima, hayana anwani.

Shangazi alikuja saa ya kuona wagonjwa. Yeye pia hawakumwambia, walisema mpaka daktari. Akakaa. Nikamwona anavyoyatazama mapazia ya wodi. Nikakumbuka alivyokaa miaka miwili bila kuambiwa. Akasimama ghafla, akaenda mezani kwa manesi. Sikusikia alichosema. Nilisikia tu kiti kinasogezwa na mtu anatembea haraka.

Daktari alikuja na yale mavazi ya kijani, kofia bado kichwani. Akavuta stuli. Hakumvuta Shangazi ukumbini. Alituambia pale pale, wote wawili, akiniangalia mimi.

"Ulikuwa wa utumbo mwembamba. Umening'inia kwa kikonyo, umeshuka umelala kwenye nyonga kama boga. Tulipounyanyua, ovari zilikuwa chini yake. Nzima, zote mbili. Hatukuzigusa."

Nikamuuliza arudie. Akarudia, neno kwa neno.

Shangazi alitoka nje. Nilimwona kupitia dirisha, amesimama chini ya ukingo wa paa mahali ambapo bomba linamwaga, na analowa bega moja, hasogei.

Jumanne, Mei 13

Majibu ya maabara. Ni ule ule wa nadra, wa ukuta wa utumbo. Ni saratani, isipokuwa ina tabia zake na dawa yake. Sitapewa zile dripu zinazonyonyoa nywele. Ni kidonge, kila siku, miaka mitatu, kwa sababu ulikuwa mkubwa na unaweza kurudi. Dawa wananipa pale kliniki. Na katika miaka hiyo mitatu nisishike mimba, dawa inaharibu mtoto.

Nimeishika ile chupa nikacheka kwa uchungu, mshono ukanivuta. Nimepigania rafu yangu, sasa naambiwa nisiweke kitu juu yake.

Daktari ameniomba ruhusa anakili kurasa zangu mbili, za Machi, aziweke kwenye faili. Nimekubali, nikamwomba asionyeshe ile ya mafuta ya cherehani. Amesema hiyo ndiyo wanafunzi wake wa udaktari wataikumbuka.

Ijumaa, Mei 16

Uso umevimba machoni, wamesema ni dawa. Mvua ya vipande vipande.

Jumatatu, Mei 26

Karakana, nusu siku. Bisibisi hakunipokea kwa neno. Meza yangu ilikuwa imejaa mashine saba, na kila moja ameifungia karatasi: imeletwa lini, imeanza lini. Anaziacha kwa Injinia, alisema, na nilisikiliza sana lakini kejeli sikuisikia.

Wale wa barazani wananisalimia tena. Jirani wa mbele ameniletea matunda, akasema pole, hakujua. Nimepokea. Nilifikiri nitafurahi nikirudishiwa maneno yao. Nimekaa nao kidogo, nikachoka, nikaingia ndani. Wanaongea habari ya ugonjwa wangu kana kwamba nilisafiri na sasa nimerudi. Sijui niwaeleze vipi kwamba nimerudi bila yule waliyemzoea.

Jumapili, Juni 1

Kidonge. Jua kidogo. Kidonge kinanichefua.

Jumatano, Juni 11

Siku tatu hakuna mvua. Nguo zimekauka kweli kweli, si ile ya kunuka unyevu.

Asubuhi nimeamka na maumivu nikaogopa, nikajua uvimbe umerudi. Nilikaa kitandani nimeshika tumbo, nikaanza kujihoji kama mteja: yameanza lini, wapi, yanahama au yametulia. Yametulia. Ya chini, mgongoni pia. Nikaenda chooni na hofu yangu yote, na kule nikakuta damu nyekundu ya kawaida kabisa. Nimeingia mwezini. Tangu Desemba.

Nilikuwa naichukia hii siku tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu. Leo nimeegemea mlango wa choo nimeziba mdomo na kanga ili uani wasidhani nimepata kichaa.

Sikuwa na pedi hata moja, zote zilikwisha mwaka jana na sikununua tena. Nikamgongea Shangazi ukutani. Alikuja mbio, macho yamemtoka, naye akijua uvimbe umerudi. Nikamwambia. Akakaa kitandani, akainuka. Kisha akasema ngoja, akavaa viatu vya kutokea, akaenda dukani.

Alikaa sana. Nikaanza kuwa na wasiwasi, duka liko hapo kona tu. Aliporudi alikuwa na mfuko mkubwa, akamwaga kitandani. Amenunua aina tano. Zenye mabawa, zisizo na mabawa, ndefu, nyembamba, na moja ya wazazi waliojifungua. Nikamwambia Shangazi, za nini zote hizi.

"Ziko nyingi siku hizi," alisema. "Nimesimama pale sijui nichukue ipi. Muuzaji akaniuliza ni za nani, nikasema za nyumbani kwangu."

Akaanza kuzipanga kwenye rafu yangu, moja moja, akisoma maandishi ya kila pakiti mpaka mwisho.